Kansa ya Kifua Si Moja

(Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya mafundi wa ujenzi, wastaafu wa reli na bandari, na jamaa zao. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa kazini au safarini siku hiyo.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mafundi, hamjambo nyote? Ahsanteni kwa kuja, na jua lenyewe hili.

Nimeombwa nizungumze juu ya saratani ya mapafu. Nitazungumza, lakini kwanza niulize. Mtu akitutoka kwa maradhi ya kifua, matangani tunasema nini? Tunasema, "Alikuwa na kansa ya mapafu." Basi, yamekwisha. Kansa gani? Ilianzia wapi? Ilikuwa ya seli gani? Hakuna anayeuliza, na mara nyingi hata waliomuuguza hawajui. Lakini majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua mgonjwa apasuliwe au asipasuliwe, apewe dawa hii au ile, na kama watoto wake na wafanyakazi wenzake nao wakapimwe. Hata haki ya fidia inategemea majibu hayo.

Kansa ya kifua si moja. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke, kwa sababu nimeona watu wengi mno wakizikwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeupa jina lake.

Nianze na mahali. Kifuani mna mapafu mawili, na kila pafu limevikwa utando mwembamba unaoteleza, mfano wa ile ngozi nyeupe unayoibandua ndani ya ganda la yai. Utando huo una tabaka mbili. Moja imeshikana na pafu, ya pili imeshikana na ukuta wa kifua kwa ndani, na katikati mna majimaji kidogo sana ili pafu lisikwaruzane na mbavu unapovuta pumzi. Sasa nisikilizeni vizuri. Saratani ikizuka ndani ya pafu lenyewe, kwenye njia za hewa au kwenye vifuko vya hewa, hiyo ndiyo saratani ya mapafu. Ikizuka kwenye ule utando, hiyo siyo saratani ya mapafu. Hiyo inaitwa mesothelioma.

Zinaleta kikohozi kilekile. Zinaleta kukatika kwa pumzi kulekule, na kukonda kulekule. Ila mwenendo wake ni mbalimbali. Saratani ya mapafu kwa kawaida huanza kama uvimbe mahali pamoja, ukauona kwenye picha ya kifua ukiwa umekua. Mesothelioma hutambaa. Hutandaa juu ya utando, ikaufanya mnene na mgumu, ikalizingira pafu mpaka likashindwa kutanuka, na mara nyingi hujaza maji upande mmoja wa kifua. Daktari anayatoa maji, mgonjwa anapata nafuu, kisha maji yanarudi.

Na utando wa namna hii haupo kifuani tu. Upo tumboni, umefunika utumbo. Upo umeuzunguka moyo. Wanaume wanao pia kwenye korodani. Kote huko mesothelioma yaweza kuzuka. Ya kifuani ndiyo nyingi kuliko zote, ya tumboni inafuata kwa mbali, na ya moyoni na ya korodani ni nadra sana. Ya tumboni hujaza tumbo maji, na kwa wanawake huweza kudhaniwa kuwa saratani ya ovari, kumbe siyo.

Tukija kwenye hesabu za dunia, mwaka 2022 watu karibu milioni 2.5 waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na waliokufa kwayo walikuwa kama milioni 1.8. Hakuna saratani iliyoua wengi zaidi. Waliogunduliwa na mesothelioma walikuwa takriban 30,000. Kwa hiyo mesothelioma ni ugonjwa wa wachache. Lakini hao wachache hawakutawanyika ovyo ovyo. Wana kazi zao, wana mitaa yao, na wana mapaa yao. Ndiyo sababu nimekuja kuzungumza nanyi, sikwenda kwingine.

Jambo moja la kando kabla sijaendelea, kwa sababu linawachanganya wengi. Saratani ya titi ikisafiri ikafika kwenye mapafu, bado ni saratani ya titi, na inatibiwa kama ya titi. Kukutwa mapafuni si kuanzia mapafuni.

Sasa niwape kisa cha Kimberley, Afrika Kusini. Miaka ya 1950 palikuwa na hospitali ya kifua kikuu pale, na daktari wake mkuu aliitwa Sleggs. Alianza kuona jambo lisilomwingia akilini. Wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka mashariki, walipopewa dawa za TB, walipona. Waliotoka magharibi wengi wao hawakupona. Dawa zilezile, hospitali ileile. Kwa nini? Huko magharibi kulikuwa na migodi ya asbesto ya buluu, aina ya jiwe lenye nyuzi, kwenye safu ya milima inayoitwa hasa Milima ya Asbesto.

Mwaka 1956 daktari wa patholojia, yaani wa kupima maiti na vinyama vya mwili, aitwaye Wagner alichunguza maiti ya mtu aliyedhaniwa kuwa na TB, akakuta uvimbe mkubwa wa utando wa mapafu. Wakaungana, Wagner, Sleggs na daktari wa upasuaji Marchand, wakaanza kufuatilia. Walifika hadi majumbani wakiuliza: ulizaliwa wapi, ulicheza wapi, baba yako alifanya kazi gani? Mwaka 1960 wakatangaza wagonjwa 33 wa mesothelioma, na wote isipokuwa mmoja walikuwa na uhusiano na ile asbesto. Na wengi wao hawakuwa wachimba migodi, wazee wangu! Walikuwemo akina mama wa nyumbani, wachunga mifugo, wakulima. Wengine walihama eneo lile wakiwa watoto wadogo, baada ya kucheza utotoni kwenye vilima vya mabaki ya mgodi, na ugonjwa ukawafuata utu uzimani walikokwenda.

Mnaona walivyoufikia ukweli? Mashine yao kubwa ilikuwa swali: ulikuwa unaishi wapi, ulikuwa unafanya kazi gani?

Kisa hiki kinatuhusu hapa kwetu, kwa sababu ya TB. Kifua kikuu kwetu ni kingi, na daktari anayewaza TB kwanza hakosei. Kosa ni kuwaza TB peke yake. Nimekutana na wagonjwa waliomeza dawa za TB mpaka mwisho wa dozi, miezi sita kamili, na hakuna hata kipimo kimoja cha makohozi kilichowahi kuonyesha vijidudu. Wanakuja wamekonda, uvimbe umekua. Miezi sita imekwenda, na kwa saratani miezi sita ni umri. Kwa hiyo nasema hivi: ukianza dawa za TB, zimeze zote, usiziache hata siku moja kwa sababu ya maneno yangu. Lakini ikipita miezi miwili huoni nafuu, na vijidudu havijawahi kuonekana, rudi kliniki uulize waziwazi: "Daktari, je, si kitu kingine hiki?" Hiyo si jeuri. Hiyo ni haki yako.

Nageukia asbesto yenyewe. Ni jiwe, ila jiwe lililofumwa kwa nyuzi nyembamba kupita unywele, nyembamba kiasi cha kuelea hewani usizione. Iko nyeupe, iko ya buluu, iko ya kahawia, na zote zinaleta saratani. Haiungui, haiozi, na ilikuwa rahisi. Ndiyo maana ilichanganywa na saruji ikawa mapaa na mabomba, ikafungwa kwenye boila za garimoshi za mvuke na vyumba vya injini vya meli, ikatiwa kwenye breki na klachi za magari. Ukizivuta nyuzi zile, zile ndefu seli za ulinzi za mwili hujaribu kuzimeza zikashindwa, kwa maana nyuzi ni ndefu kuliko seli. Zinabaki humo. Mwili unawaka uvimbe wa ndani kwa ndani, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja seli zinaharibika. Muda wenyewe si mfupi: kwa kawaida ni kati ya miaka 20 na 50. Fundi aliyekata paa mwaka 1985 anaweza kuanza kukohoa leo, ameshasahau kuwa aliwahi kukata paa.

Mama zangu, hapa nataka kuzungumza nanyi. Mwaka 1965 madaktari wawili wanawake wa London, Newhouse na Thompson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 76 wa mesothelioma kutoka hospitali moja ya mashariki ya jiji hilo. Wako waliofanya kazi kiwandani, hilo lilitarajiwa. Lakini wako pia ambao hawakukanyaga kiwanda maishani mwao. Kosa lao lilikuwa nini? Walifua nguo. Mume au ndugu alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye ovaroli, mke akalikung'uta vumbi kabla ya kuloweka. Wengine hata nguo hawakufua; waliishi tu karibu na kiwanda, chini ya nusu maili.

Basi nawauliza, mama zangu: nani alikuwa akizikung'uta nguo za mzee? Nani alizifua? Watoto walimrukia baba mlangoni kabla hajavua? Sisemi haya niwatie hofu, maana wengi waliokung'uta vumbi hawatapata ugonjwa huu kamwe. Nasema ili siku ukikohoa, ukaulizwa na daktari, "Uliwahi kufanya kazi kwenye vumbi?", usijibu, "Hapana, mimi ni mama wa nyumbani tu." Jibu: "Mume wangu alifanya kazi karakana ya reli, na nguo zake nilifua mimi."

Na mapaa? Najua ndilo lililowaleta wengi wenu. Paa la asbesto lililo zima, halijavunjika, halisuguliwi, halikatwi, haliwatilii sumu usiku mkiwa mmelala. Hatari ni kulivuruga. Ni kulitoboa kwa drili na kulikata kwa msumeno wa umeme. Ni kulisugua kuvu kwa brashi ya waya likiwa kavu, na kulivunja kwa nyundo ili lishuke haraka. Ndugu mafundi, mimi naelewa. Mwenye nyumba anataka kazi iishe leo na malipo ni ya siku. Lakini kitambaa ulichojifunga puani hakizuii nyuzi hizi. Paa liloweshwe maji kwanza. Bolti zifunguliwe, karatasi ya paa ishuke nzima, ifungwe kwenye plastiki nene. Isichomwe, maana asbesto haiungui, na karatasi ikipata moto hulipuka vipande vipande. Na tafadhali, vipande visipelekwe kuezeka banda la kuku wala kujazia mashimo ya njia. Tangu kanuni za taka za mwaka 2006, Kenya inaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, ndiyo inayotoa leseni ya kuibeba na kuitupa. Mwenye nyumba akikwambia, "Fanya kimyakimya," ujue anakununulia mauti kwa ujira wa siku moja.

Kuna mama aliniuliza kabla hatujaanza: je, maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapaa hayo miaka yote? Ni swali zuri. Shirika la Afya Duniani limelitazama suala la asbesto ndani ya maji ya kunywa, na halikuona ushahidi thabiti kwamba kuimeza kunadhuru. Hatari iliyothibitika ni kuivuta kwa pumzi. Kwa hiyo ondoa wasiwasi wa tangi, uelekeze kwenye vumbi.

Niongeze pia kwamba mesothelioma haitokani na asbesto pekee. Uturuki, katika eneo la Kapadokia, kuna vijiji kama Karain na Tuzköy ambako watu walikufa kwa mesothelioma kwa kiwango cha kutisha bila mgodi wala kiwanda. Jiwe walilojengea nyumba zao lilikuwa na madini mengine yenye nyuzi, yaitwayo erionaiti. Lakini kwetu sisi, ukisikia mesothelioma, uliza asbesto kwanza.

Sasa tuingie ndani ya pafu lenyewe. Nimesema kansa ya kifua si moja. Basi hata saratani ya mapafu si moja.

Madaktari huigawa mafungu mawili makubwa. Katika wagonjwa 100, kama 15 wana saratani ya seli ndogo, na kama 85 wana saratani ya seli zisizo ndogo. Majina hayo yanatokana na jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini; hayasemi kwamba uvimbe ni mdogo au mkubwa. Na hii ya seli ndogo ndiyo yenye kasi. Karibu wote wanaoipata ni wavutaji sigara. Inapogunduliwa, mara nyingi imeshasafiri, hata ubongoni, kwa hiyo upasuaji ni nadra. Dawa za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, huipunguza haraka ajabu, familia ikashangilia, kisha kwa wengi inarudi. Nawaambia haya ili familia ijue mapema na ipange, isije ikashtukizwa.

Hili fungu kubwa la seli zisizo ndogo nalo lina aina zake. Kuna ya skwamasi, inayopenda kuzuka kwenye njia kubwa za hewa katikati ya kifua. Hii ndiyo mara nyingi humfanya mtu ateme damu mapema, na sigara ndiyo mama yake. Kuna ya seli kubwa, ambayo ni chache. Na kuna adenokasinoma, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wingi. Hii huzuka pembezoni mwa pafu, kimya kimya, na ndiyo inayowapata zaidi wale ambao hawakuvuta sigara kabisa.

Nilimhudumia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke, hajawahi kushika sigara. Alipogunduliwa ana saratani ya mapafu, ugonjwa ulimuuma, lakini yalimuuma zaidi maneno ya watu. Mtaani walisema anavuta kwa siri. Hata ndugu zake walimtazama kwa jicho lile. Akaanza kujificha, akawa haji kliniki. Tulimfuata nyumbani, tukamsihi, akakubali kukatwa kinyama kikapimwe. Ikawa adenokasinoma, na kipimo cha vinasaba kikaonyesha mabadiliko kwenye jeni iitwayo EGFR. Mabadiliko hayo yana vidonge vyake. Si kemo ya kutundikiwa dripu. Ni vidonge vya kumeza nyumbani. Vidonge havikumponya, na sitawadanganya kuwa vinaponya. Ila pumzi ilirudi, uzito ukarudi, akarudi kusimama mbele ya wanafunzi wake. Dawa hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali, na hilo ni jambo la kupigania. Lakini bila kile kinyama, na bila kile kipimo, nani angejua kuwa anafaa kupewa?

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kuwahukumu wagonjwa. Sigara ndiyo sababu kubwa ya saratani ya mapafu duniani, hilo halina ubishi. Lakini moshi wa dizeli umo, hewa chafu ya mjini imo, na moshi wa jikoni unatiliwa shaka kwa nguvu. Aliyeugua hadaiwi maelezo na mtu. Anastahili msaada.

Na kwenu mlio na kazi ya vumbi halafu mnavuta sigara, naomba masikio yote mawili. Marekani alikuwapo daktari aitwaye Irving Selikoff aliyewafuatilia mafundi wa kufunga asbesto kwenye mabomba na boila kwa miaka mingi. Mwaka 1979 yeye na wenzake walitoa hesabu ya vifo vya saratani ya mapafu. Mtu asiyevuta sigara na asiyefanya kazi ya asbesto mpe 1. Aliyefanya kazi ya asbesto bila sigara alikuwa kama 5. Mvuta sigara asiyeijua asbesto alikuwa kama 11. Je, mwenye vyote viwili? Mtasema 16. Hapana. Alikuwa kama 53. Hamsini na tatu! Hapo hatari hazikujumlishwa, zilizidishana.

Hii ndiyo sababu, ingawa tunapotaja asbesto watu wanawaza mesothelioma, wanaouawa na asbesto kupitia saratani ya mapafu ni wengi zaidi. Kwa mesothelioma yenyewe, sigara haiongezi wala haipunguzi. Lakini kwa saratani ya mapafu sigara ndiyo uliyo na uwezo wa kuizima leo. Nyuzi ulizovuta zamani siwezi kukutolea. Pakiti iliyo mfukoni unaweza kuitoa mwenyewe. Mtu aliyeacha miaka kumi, hatari yake huwa imeshuka karibu nusu ya yule aliyeendelea. Mzee wa miaka 60 akiniambia, "Daktari, mimi nimeshachelewa," namjibu hajachelewa.

Nimebakisha jambo moja kubwa: seli za mesothelioma. Nayo ina aina tatu chini ya hadubini. Kuna epithelioidi, ndiyo nyingi kuliko zote, na wenye hiyo kwa wastani huishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao. Kuna sarkomatoidi, chache lakini kali. Na kuna ya mchanganyiko, yenye sura zote mbili. Je, kuna faida gani mgonjwa kujua hili, au ni mambo ya maabara tu? Kuna faida kubwa, nami nitaieleza.

Kuanzia mwaka 2004 tiba ya kawaida ilikuwa kemo ya dawa mbili. Baadaye ukafanywa utafiti wa kimataifa wa wagonjwa zaidi ya 600 wasioweza kupasuliwa, nusu wakapewa kemo, nusu wakapewa dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili. Mwaka 2020 dawa hizo za kinga zikaidhinishwa Marekani. Kwa wenye epithelioidi tofauti ilikuwa ndogo: wastani wa kuishi ulikuwa miezi kama 18 na nusu kwa dawa za kinga, dhidi ya 16 na nusu kwa kemo. Kwa wenye aina nyingine mbili, waliopata kemo nusu yao walikuwa wamefariki kufikia kama miezi 9; waliopata dawa za kinga, kama miezi 18. Ugonjwa mmoja kwa jina, dawa zilezile, lakini aina ya seli imeamua nani anafaidika sana na nani anafaidika kidogo.

Na kuitambua aina hiyo kunataka kinyama. Maji yaliyovutwa kifuani peke yake mara nyingi hayatoshi. Adenokasinoma ya pafu nayo yaweza kutandaa juu ya utando ikafanana kabisa na mesothelioma, na daktari wa patholojia huzitenganisha kwa rangi maalumu za maabara. Kwetu kuna imani kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Imani hiyo imewanyima watu wengi jibu. Mkimzuia baba yenu asikatwe kinyama, mmemzuia asitibiwe ugonjwa alio nao.

Nimetaja miezi, na naona baadhi ya nyuso zimebadilika. Basi niwape kisa cha Stephen Jay Gould. Alikuwa mwanasayansi wa Marekani, mtaalamu wa visukuku na mageuko ya viumbe. Mwaka 1982, akiwa na miaka 40, aligunduliwa na mesothelioma ya tumboni. Akasoma vitabu vya madaktari, akakuta kwamba nusu ya wagonjwa hufa ndani ya miezi minane. Mwingine angekata tamaa. Yeye alijua hesabu, akajiuliza: na ile nusu nyingine je? Nusu ya pili haiishii mwezi wa tisa. Wako wanaoishi mwaka, wako wanaoishi miaka. Alikuwa kijana, ugonjwa ulionekana mapema, alipata madaktari wazuri na tiba mpya. Akaishi miaka 20. Alifariki mwaka 2002, na saratani iliyomuua ilikuwa nyingine. Sisemi kila mtu atakuwa Gould, wengi hawakuwa. Nasema mkitajiwa wastani, msiusikie kama tarehe ya kifo.

Sasa mnapokwenda kliniki, mtu aende na karatasi. Andika kila kazi uliyofanya tangu ujana, mahali na miaka, hata vibarua vya miezi mitatu. Andika kazi ya baba na ya mume. Andika ulikaa nyumba ya namna gani. Daktari ana foleni ndefu na hatauliza yote, mkabidhi karatasi. Na majibu yakitoka, usirudi nyumbani na "kansa ya mapafu" tu. Uliza: imeanzia kwenye pafu, kwenye utando, au imetoka kwingine? Ni ya seli gani? Imefika hatua gani? Kama ni adenokasinoma, vinasaba vimepimwa? Omba nakala ya ripoti ya patholojia uitunze pamoja na kitambulisho chako. Wafanyakazi, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini hakuna ofisi itakayokusikiliza ukiwa huna jina la ugonjwa kwenye karatasi. Na mkipoteza mtu kabla ripoti haijatoka, nendeni mkaichukue hata hivyo. Waliobaki wanaihitaji.

Nimesema mengi, na bado nina nusu saa na nyinyi. Waliokuja na picha za kifua wasiondoke, nitazitazama moja moja pale mezani. Kwanza maswali. Mzee wa shati la buluu kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja breki. Karibu, mzee, simama tukusikie.